Bima kwa Jina la Mjomba

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Asubuhi mawingu meusi yalitanda juu ya mapaa yote, ngurumo mbili zikapiga, kisha jua likatoka bila tone la mvua kuanguka. Vitisho vitupu. Nilisema moyoni kwamba hata mbingu siku hizi zimeajiriwa na kampuni ya bima.

Nilicheka peke yangu njiani. Sikujua kwamba kabla ya saa sita mchana nitakuwa nimejichimbia shimo kwa mdomo wangu mwenyewe, tena nikiwa nimesimama wima, Biblia kwapani, natabasamu.

Kwa waliokosa wiki iliyopita, nasema kwa ufupi. Mimi ni binti wa miaka ishirini na tatu. Shule niliiacha nikiwa na kumi na tatu, nikairudia nikiwa na ishirini, darasa la jioni, kwenye dawati linalonibana magoti. Kwa miaka kumi nimefua nguo za watu kwa mikono. Marehemu baba aliniachia gari moja kuukuu, na leseni niliipata kwa jaribio la tatu.

Halafu nikapata kazi. Hapo ndipo tulipoachana.

Kazi ilitoka kwa mwoka mikate tunayemwita Bibi Tanuri. Kila alfajiri, trei ishirini za mikate kwenda hospitali moja na shule mbili. Dereva wake alikuwa ameacha. Bibi Tanuri alilizunguka gari la baba, akaujaribu mlango wa nyuma wa kushoto, ambao haufunguki mpaka ubembelezwe, akapima kwa mikono pale nilipong'oa viti.

"Trei zitaingia," alisema. "Unaamka saa ngapi?"

"Saa kumi, Bibi. Ndiyo saa yangu ya sala."

"Mungu umuage saa kumi na nusu. Unaanza Jumatatu ijayo. Lakini nataka stika ya bima kwenye kioo. Bima kubwa, inayolipa gari lako na mzigo wangu. Sitaki ile ndogo ya kumlipa uliyemgonga, halafu mimi nabaki naokota makombo barabarani."

"Nitaileta, Bibi."

"Ijumaa niione kwa macho. Bila stika usije na hadithi. Kuna mwenye pikapu anasubiri simu yangu."

Basi nilikuwa na siku tano za kutoka kwenye beseni la nguo za watu. Siku tano, leseni isiyofika hata wiki mbili, na imani.

Jumatatu nilipanda ghorofani kwa wakala wa kwanza. Ofisi ya vioo, kiti kinachozunguka, na kijana mmoja mwenye tai iliyomkaba. Nilimpa jina la Kikokotoo, kwa sababu muda wote hakunitazama mimi, alikitazama kikokotoo chake.

"Umri?"

"Ishirini na tatu."

Akabonyeza.

"Leseni ya mwaka gani?"

"Ya wiki juzi."

Akabonyeza tena, mara nyingi kuliko nilivyopenda. Kisha akanigeuzia kikokotoo polepole, kama daktari anavyowaonyesha ndugu picha ya mgonjwa.

"Samahani kaka," nilisema. "Hiyo ni bei ya kununua gari au ya kulikatia bima?"

"Bima. Ya mwaka mmoja."

"Gari langu zima halifiki hapo. Hata ukiongeza mafuta yaliyomo."

"Gari halina shida, dada. Shida ni wewe."

"Mimi sijagonga hata kuku."

"Ndiyo hivyo. Hujagonga bado. Kompyuta inawajua vijana."

"Na mzee aliyekwisha kugonga watatu?"

"Huyo ana uzoefu."

Niliondoka nikimwombea. Sitasema nilimwombea nini.

Jumanne nilikwenda kwa wakala wa pili, mama mmoja anayemwita kila mtu mpenzi, pamoja na mlinzi wa mlangoni. Alinisikiliza huku akitingisha kichwa kwa huruma, kisha akafungua droo na kuweka mezani kidude cheusi, saizi ya kiberiti.

"Hiki tunakifunga chini ya usukani, mpenzi. Kinatuambia ukikimbia, ukifunga breki kwa ghafla, ukitoka usiku. Ukitulia miezi sita, bei inashuka."

"Saa kumi na moja alfajiri je?"

"Kwa kidude hiki, huo bado ni usiku."

"Ndiyo saa ya kazi yangu. Mikate haisubiri jua."

"Basi kitakuwa kinakusemea kila siku, na bei itapanda. Lakini angalau utakuwa na mtu anayekuangalia."

"Mama, tayari nina anayeniona nikilala na nikiamka, na hajawahi kunitoza."

"Huyo hana tawi hapa, mpenzi," alisema, akakirudisha kidude kwenye droo.

Jumatano zilibaki siku mbili. Wakala wa tatu alikuwa na ofisi chini ya ngazi za jengo la maduka. Kila mtu aliyepanda alimkanyagia dari, na kila hatua ilidondosha vumbi juu ya fomu zake. Alilipuliza bila kukatisha maneno. Kalenda ukutani ilikuwa ya mwaka jana. Mteja anakalishwa kwenye kiti ambacho mguu mmoja umefungwa kamba.

Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wale wawili hawakulifanya. Nilipaswa kushtuka hapo hapo.

"Dada yangu," alisema, "wewe hutafuti bima. Wewe unatafuta mzee."

"Mzee gani?"

"Yeyote mwenye leseni ya zamani na rekodi safi. Baba yupo?"

"Marehemu."

"Pole sana. Wajomba?"

"Yupo mmoja. Ni fundi saa."

"Ana leseni?"

"Anayo. Miaka thelathini."

"Amewahi kupata ajali?"

Nikajibu ukweli mtupu. "Hajawahi."

Wakala akaacha kupuliza vumbi. "Miaka thelathini bila ajali. Huyo ni lulu. Tunamwandika yeye kuwa dereva mkuu, wewe unakuwa dereva wa mara chache. Bei inashuka mpaka theluthi. Watu wote wanafanya hivi."

"Watu wote ni akina nani?"

"Wote wanaokalia hicho kiti."

Nilikitazama kiti, kamba na yote. Kwa mizigo hiyo, si ajabu mguu ulikatika.

Sasa niwaeleze kuhusu mjomba, ili mjue ni lulu ya namna gani. Mjomba ni kaka wa mama yangu, mtu safi, shati lake halina kunyanzi. Miaka ishirini na sita iliyopita aliendesha gari la mwajiri wake mpaka njia panda moja yenye magari mengi. Alisimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akatazama tena. Kisha akazima injini, akashuka, akafunga mlango kwa adabu, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo hajagusa usukani, na mtaa mzima unamwita Breki.

Leseni anaihuisha kila inapoisha, kwa sababu anaipenda picha yake.

Huyo ndiye ambaye kompyuta inamwamini. Miaka thelathini bila ajali. Hata mimi sijawahi kuanguka kutoka juu ya paa. Sijawahi kupanda.

Kabla sijaenda kwake nilipiga magoti. Nilisema, Bwana, kama njia hii si yako, mjomba akatae. Naungama mbele yenu kwamba nilijua hatakataa. Nilimpa Mungu mtihani ambao majibu yake nimeshayaandika mwenyewe.

Mjomba anatengenezea saa kwenye kibanda kilichobanana na duka la fundi cherehani. Nilimkuta ameinama, lenzi imembana jichoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Saa imesimama?"

"Saa inakwenda. Mimi ndiye niliyesimama."

Nikamweleza. Alitoa lenzi jichoni.

"Dereva mkuu," alirudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Hilo neno mkuu limeandikwa kwenye karatasi?"

"Limeandikwa."

"Kwa herufi kubwa?"

"Kubwa zote."

"Na kazi yangu hapo itakuwa ipi?"

"Kusaini, mjomba. Basi."

"Bila kuendesha?"

"Bila hata kukaa ndani."

Akavuta pumzi ndefu. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo, likakauka. "Damu ni damu," alisema. "Siwezi kumwacha mtoto wa dada yangu njia panda." Nilikaribia kusema kwamba njia panda ndiyo tabia yake. Nikanyamaza, maana nilikuwa na shida.

Alhamisi tukakaa chini ya ngazi, mjomba kwenye kiti cha kamba, mimi nimesimama. Mjomba alikuwa amesahau miwani yake, kwa hiyo fomu niliijaza mimi.

Ndugu msomaji, kuna wakati nilikuwa nikipewa fomu naipindua kutafuta picha. Mwalimu wetu wa jioni, mama mmoja mstaafu mwenye sauti ndogo na macho makali, alitumia wiki nzima kutufundisha kujaza fomu. Aliandika ubaoni: JAZA KWA UKWELI, KWA HERUFI KUBWA. Tukaimba mpaka ikatuganda.

Swali la nane liliuliza: Nani ataliendesha gari hili mara nyingi zaidi?

Nikaandika jina la mjomba. Herufi kubwa niliziweka. Nilisoma miaka mitatu ili watu wa fomu wasinidanganye, nikaishia kuwadanganya wao kwa mwandiko mzuri.

Mjomba akasaini kwa mikunjo mingi. Ijumaa stika ikang'aa kwenye kioo cha mbele. Bibi Tanuri aliikaribia mpaka pua ikagusa kioo, akaacha unga.

"Umeipataje kwa bei hiyo?" aliuliza nilipomtajia.

"Ni Mungu tu, Bibi."

"Mwambie na mimi anione. Jumatatu, saa kumi na moja. Dakika moja ikipita nampigia wa pikapu."

Mjomba naye tangu asaini hakushikika. Alianza kuzungusha funguo za akiba kwenye kidole. Alikuja kulipiga gari teke la tairi, teke dogo la kitaalamu, akamwambia fundi cherehani, "Kushoto panahitaji upepo kidogo. Sisi madereva tunasikia kwa kidole cha mguu." Fundi cherehani akamwita dereva. Mjomba akamshonesha suruali.

Sasa turudi kwenye Jumamosi yangu ya mawingu ya uongo.

Kila Jumamosi, saa nne asubuhi, tunasali kwenye chumba kile kile tunachosomea jioni. Mwalimu ndiye kiongozi. Tuko kumi na wawili tukitimia. Tuna daftari la maombi, na mimi ndiye katibu, kwa sababu ya mwandiko wangu, ule ule. Ombi linaandikwa kwa namba. Likijibiwa, mwenye ombi anasimama na kueleza jinsi lilivyojibiwa, ndipo linapigwa alama ya vema. Bila ushuhuda hakuna alama.

Jambo la pili mlijue. Wageni kwetu hujitambulisha mwisho. Mwalimu alipanga hivyo tangu siku ambayo mgeni mmoja alijitambulisha mwanzoni kuwa ni askari wa upelelezi, na siku ile hakuna aliyetubu chochote.

Muuguzi mmoja wa kundi letu alikuwa amekuja na mgeni. Mwanamume wa makamo, miwani, shati la kijivu, mpole kama maji ya mtungi. Aliketi nyuma karibu na ubao. Mjomba naye alikuja. Mjomba huonekana maombini mara mbili kwa mwaka, lakini nilimwambia leo nitamtaja, akavaa suruali mpya.

Nikasoma daftari. "Namba thelathini na moja. Bima ya gari kwa bei ninayoiweza. Mwombaji, katibu."

"Limejibiwa?" aliuliza Mwalimu.

"Limejibiwa, Mwalimu."

"Simama utueleze."

Nikasimama. Ningeweza kusema Mungu ni mwema nikakaa. Watu wenye akili husema hivyo. Lakini mimi ni mwanafunzi mwenye bidii, na Mwalimu ametufundisha kwamba anayeeleza jambo alieleze hatua kwa hatua, mpaka asiyekuwepo aone kama alikuwepo.

Basi nikaeleza, kuanzia trei za Bibi Tanuri, njia yake na saa ya kuanza. Nikaeleza habari za Kikokotoo, watu wakacheka. Nikaeleza kidude, wakacheka zaidi, na mgeni wa nyuma akatabasamu. Nikaeleza ofisi ya chini ya ngazi. Nikaeleza kwamba gari nitaendesha mimi kila siku ya Mungu, lakini kwenye karatasi anaendesha mjomba, ndiyo maana bei ikashuka mpaka theluthi. Nikataja swali la nane. Nikataja hata rangi ya kalamu.

Kitu kimoja tu nilikificha, kwa heshima: kwamba mjomba hajashika usukani kwa miaka ishirini na sita.

"Milango miwili ilifungwa," nilimalizia, "Bwana akanifungulia dirisha."

Watu wakaitika amina. Wengine walipiga makofi. Mjomba aliinuka nusu, akainama kidogo pande zote mbili, akakaa. Nikakaa, nikachukua kalamu, nikapiga alama ya vema, kubwa, iliyonyooka.

Mwalimu hakupiga makofi. Alikuwa ananitazama kama anavyotazama hesabu iliyoleta jibu sahihi kwa njia ya wizi.

"Wageni," alisema baadaye, kwa ile sauti yake ndogo.

Mgeni akasimama. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Nashukuru kwa kunipokea," alisema. "Nimehamishiwa hapa mwezi huu. Nafanya kazi kwenye kampuni ya bima. Mimi ndiye mkaguzi wa madai. Gari likipata ajali, mimi ndiye ninayetumwa kutafuta nani hasa alikuwa kwenye usukani."

Muuguzi aliyemleta akainamia Biblia yake.

Akaitaja kampuni. Ilikuwa ile ile iliyo kwenye stika yangu.

"Sikuja hapa kikazi," aliendelea, na ubaya ni kwamba alikuwa mpole kweli. "Nimekuja kuomba kama ninyi. Lakini nimesikia, dada yangu, na siwezi kusema sikusikia. Fomu ikiwa ya uongo, bima inafutwa. Na siku trei zile zikimwagika juu ya mtu, hakuna atakayelipwa. Si wewe, si mwenye mikate, si huyo aliyegongwa."

Huyo aliyegongwa. Wiki nzima nilikuwa nimehesabu kila mtu isipokuwa yeye.

Mama mmoja wa mbele akajaribu kuniokoa. "Mtoto amejieleza vibaya tu."

Sijawahi kujieleza vizuri kama siku ile.

"Swali la nane," Mwalimu aliniuliza, "ulijaza wewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa mwandiko niliokufundisha mimi."

Nikainamisha kichwa. Wiki nzima nilikuwa nimewacheka watu: wa kikokotoo, wa kidude, wa chini ya ngazi. Hakuna kati yao aliyeandika uongo kwa mkono wake akauombea baraka. Nilitaka kufungua mdomo niseme, ndiyo, ni uongo, naufuta leo. Maneno yalifika kwenye meno. Pamoja nayo niliona stika ikibanduliwa, na pikapu ikirudi kinyumenyume kwenye mlango wa Bibi Tanuri, na beseni langu limejaa.

Nikachelewa. Mjomba alikuwa ameshasimama.

"Ndugu mkaguzi," alisema, akikunjua suruali mpya. "Huyu mpwa wangu ana bidii lakini ni mtoto. Ameeleza mpango wa zamani. Mpango ulibadilika. Hakuna uongo wowote kwenye ile karatasi. Dereva mkuu ni mimi."

Nikamvuta shati. Akausogeza mkono wangu pembeni kama anafukuza nzi.

"Utaipeleka mikate wewe mwenyewe, mzee?" mkaguzi aliuliza.

"Mimi mwenyewe."

"Kila siku?"

"Mara nyingi zaidi. Si ndivyo swali linavyouliza?"

"Na unaendesha mara kwa mara siku hizi?"

"Miaka thelathini bila ajali."

"Sijauliza ajali, mzee. Nimeuliza kuendesha."

"Leseni yangu iko hai," alisema mjomba, akaitoa mfukoni na kuionyesha, upande wa picha.

Mkaguzi hakuitazama. Alinigeukia mimi. Wote walinigeukia.

"Dada yangu, wewe ni mkweli, nimekuona. Mjomba wako anaendesha?"

Mdomo uliomwaga siri zote robo saa iliyopita uliganda kama mlango wangu wa nyuma wa kushoto. Nilimtazama mjomba. Kidevu chake kilikuwa juu, lakini funguo za akiba zilikuwa zinalia kidogo mkononi mwake.

"Mjomba hajawahi kupata ajali," nilisema.

Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Niliona Mwalimu akifumba macho.

"Vizuri," alisema mkaguzi. "Napenda kuamini. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri nitakuwa pale kwa mwoka mikate. Nitafuata nyuma na gari langu mpaka hospitali na shule zote mbili. Mzee akiendesha, faili silifungui. Na nitaomba radhi mbele yenu wote."

"Karibu sana," alisema mjomba. Kisha akaigeukia hadhara, akaweka mkono kifuani, na sauti yake ikajaa chumba. "Naahidi mbele za Mungu na mbele yenu: Jumatatu nitashika usukani mimi, kutoka mlango wa tanuri mpaka trei ya mwisho."

"Amina," wakaitika. Wengine kwa imani, wengine kwa umbea, kwa sauti ile ile.

Mjomba akakaa. Akainamia sikio langu kama anayetaka namba ya wimbo.

"Mama," alininong'oneza, "hivi klachi siku hizi bado iko kushoto?"

Kati ya mwoka mikate na hospitali kuna njia panda tatu. Ya pili ndiyo ile alipoliacha gari la mwajiri wake.

Mkaguzi alikuwa bado amesimama. "Na wewe, dada," alisema. "Samahani, ni haki ya pande zote. Uahidi na wewe kwamba hutambadilisha njiani."

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa amefumbua macho. Mkononi alikuwa ameshika daftari langu, limefunguliwa namba thelathini na moja, kidole chake juu ya alama ya vema. Alikuwa ananisubiri. Angenisubiri mpaka jioni kama ningehitaji. Neno moja tu lilitosha.

Nikasimama. Magoti yaligonga dawati.

"Naahidi," nilisema, na kila mtu alinisikia, "Jumatatu nitakaa kiti cha abiria, na sitagusa usukani."